Bunduki Inapolia Mara Mbili

  

Wasikilizaji wetu wa Iguguno, Nduguti, Kinyangiri na Shelui, nanyi mnaotupata mkiwa safarini kwenye barabara ya Singida kwenda Nzega, jioni ya leo tunazungumza jambo ambalo walinzi huulizana kwa sauti ya chini wanapopokezana zamu, na wazee waliopita mgambo wanalikumbuka vizuri. Mtu amevuta triga mara moja, bunduki ikalia mara mbili. Risasi ya kwanza ilikwenda alikoielekeza. Ya pili je, ilikwenda wapi? Na nani aliyeituma?

Tafadhali liweke swali hilo moyoni, maana tutalirudia. Nani aliyeituma ile ya pili?

Huenda kuna msikilizaji anasema, mambo ya bunduki yananihusu nini mimi, ni mkulima wa alizeti, bunduki sina wala siitaki. Ndugu yangu, yanakuhusu. Ukienda kukamua alizeti yako, langoni pale kuna mlinzi. Ukienda benki mjini Singida, mlinzi yupo. Ukipita kituo cha mafuta usiku, yupo. Malori ya mizigo yanayokwenda Mwanza na nchi jirani yanalala kando ya barabara yetu, na penye mali iliyolala hapakosi mtu wa kuilinda. Watu hao wote unawapita kwa karibu, na mara nyingi una mtoto mgongoni au abiria kwenye bodaboda. Bunduki yenye hitilafu haiulizi nani mwenye kibali na nani mpita njia.

Tuanze na silaha yenyewe. Mkisikiliza taarifa za polisi redioni mtasikia majina mawili yakitajwa sana: SMG na SAR. SMG ndiyo ile wengine wanaiita AK. Leo tunakaa na SAR, kwa sababu ndiyo mfano mzuri wa bunduki inayojipakia yenyewe lakini inayotakiwa kutoa risasi moja tu kwa kila mvuto wa kidole. Vitabu vya silaha vinaiita SKS. Aliyeibuni ni Mrusi, Sergei Simonov, na jeshi la Umoja wa Kisovieti liliipokea rasmi mwaka 1949. Wachina wakaanza kutengeneza ya kwao mwaka 1956. Tumbo lake linabeba risasi kumi, na chini ya mtutu ina singe ya kukunja.

Wazee wangu mnaijua. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kutaka wananchi wafundishwe kulinda nchi yao, mgambo ilienea vijijini, na wengi walioitikia wito wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, waliishika SAR kwa mikono yao. Ni bunduki ngumu, inavumilia vumbi, inavumilia mvua. Kwa uvumilivu wake huo watu wameizoea vibaya, wakadhani haihitaji kufunguliwa na kusafishwa ndani. Hapo ndipo mkasa wetu unapoanzia.

Sasa nisikilizeni kwa makini kidogo, nieleze inavyofanya kazi. Nitakwenda polepole.

Ukivuta triga, nyundo ndogo iliyoko ndani inaachiwa. Nyundo inapiga pini. Pini inagonga fataki iliyopo kitakoni mwa risasi. Fataki inawasha baruti, na risasi inatoka. Wakati risasi inapita mtutuni, sehemu ya moshi wake wenye nguvu inapenya kwenye tundu dogo na kusukuma bolti irudi nyuma. Bolti ikirudi, inatupa nje lile ganda tupu na kuilaza nyundo chini. Kisha springi inaisukuma bolti mbele tena, nayo inachota risasi mpya na kuiingiza chemba. Yote haya yanakwisha kabla hujapepesa jicho.

Mmeona jambo hapo? Kabla hujapepesa jicho. Maana yake, risasi ya pili imeshakaa chemba, tayari kabisa, na kidole chako bado kimeibana triga. Hujapata hata nafasi ya kukiachia. Basi ni nini kinachoizuia ile nyundo isipige tena papo hapo? Ndani kuna kidude kidogo cha chuma ambacho kazi yake ni kuidaka nyundo na kuishikilia mpaka uachie triga na kuivuta upya. Narudia: kuna kidude cha kuidaka nyundo. Bila hicho, bunduki haina mvuto mmoja risasi moja.

Turudi basi kwenye swali letu, nani aliyeituma ile ya pili? Risasi ya pili inaweza kutoka kwa njia zaidi ya moja. Pini inaweza kugonga bila nyundo kuhusika. Kidude kinachodaka nyundo kinaweza kushindwa. Na kidole kinaweza kuvuta mara mbili bila mwenyewe kujua. Nitakaa zaidi kwenye pini, kwa sababu SAR inajulikana kwa ugonjwa huo na kwa sababu ndio wenye hatari kubwa.

Pini ni kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya bolti, kwenye mfereji wake. Katika SAR za mwanzo kabisa pini iliwekewa springi ya kuirudisha nyuma. Baadaye watengenezaji wakaiondoa ile springi, pini ikaachwa huru, inateleza mbele na nyuma. Mmewahi kusimama kwenye basi dereva akafunga breki ghafla? Basi limesimama, ninyi mnaendelea mbele. Ndivyo pini inavyofanya. Bolti inakuja mbele kwa kasi, inagota, inasimama. Pini iliyo huru inaendelea mbele kidogo na kuigusa fataki. Huigusa kidogo tu. Ukiitoa risasi ambayo haijapigwa, kwenye fataki yake unaweza kuona kialama kama cha ncha ya sindano. Ndiyo maana risasi za kijeshi za bunduki hii hutengenezwa na fataki ngumu, isiyowaka kwa mguso mwepesi.

Sasa tuseme mfereji wa pini umeziba. Umeziba na nini? Kwanza, grisi. Bunduki nyingi za aina hii zimekaa maghalani miaka mingi zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Anayeitoa huifuta nje ikang'aa, akaridhika. Ndani ya bolti grisi imebaki. Na sisi wa Singida tunajua usiku wa mwezi wa sita na wa saba ulivyo, upepo unakata, mlinzi amejifunika blanketi mpaka masikioni. Grisi nayo inaganda kwa baridi. Pini inanata. Ikinata ikiwa nyuma, bunduki haitalia, nawe utadhani risasi ni mbovu. Ikinata ikiwa mbele, ncha yake imechomoza nje ya uso wa bolti, basi hapo umeshika kitu kingine kabisa. Kila bolti inapojifunga kwa nguvu, ile ncha iliyochomoza inaigonga fataki. Haihitaji nyundo, haihitaji triga, haihitaji kidole chako.

Ngoja niliseme tena, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa. Pini ikikwama mbele, triga haina kazi. Unaweza kukiondoa kidole kabisa na bunduki ikaendelea kumimina mpaka tumbo liishe. Unaweza hata hujafyatua hiyo ya kwanza; unapakia tu, unaachia bolti ijifunge, na inalia. Wapo watu walioambiwa wamefanya uzembe wa kidole wakati kidole hakikuwepo.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Bolti inatakiwa ijifunge sawasawa ndipo risasi iwake. Pini iliyochomoza inaweza kuiwasha risasi kabla bolti haijajifunga. Nguvu ya baruti iliyotakiwa kwenda mbele mtutuni inarudi nyuma, na nyuma ndipo ulipo uso wako.

Sababu nyingine ya kuziba ni vumbi likichanganyika na mafuta. Na hapa niseme jambo la kwetu, maana sisi ni watu wa alizeti. Kuna walinzi wanaokosa mafuta ya bunduki, basi wanachukua yanayopatikana, wanapaka mafuta ya kula. Jamani, yeyote aliyewahi kuosha mashine ya kukamulia anajua mafuta ya alizeti yakikaa juu ya chuma kwa muda yanakuwaje. Yanakuwa utando mzito, wenye kunata, ambao hata sabuni unaishinda. Utando huo huo ndio unaouweka ndani ya mfereji wa pini. Mafuta ya alizeti ni ya kaangio. Kwenye bunduki ni gundi. Na hata mafuta halali ya bunduki yakimiminwa kupita kiasi hukusanya vumbi. Mfereji wa pini unapendeza ukiwa mkavu na safi.

Kutu nayo ni hivyo hivyo. Pini iliyovunjika nayo ni hivyo hivyo, kipande kimoja kinakwama mbele na kingine kinabaki nyuma, na kwa nje huoni chochote.

Tusidhani kwamba ni bunduki kuukuu tu, au za Mrusi na Mchina tu. Marekani ilikutana na jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bunduki mpya kabisa, ile iliyokuja kuitwa M16. Pini yake nayo iko huru, na ilionekana ni nzito kiasi cha kuweza kuwasha fataki wakati bolti inajifunga. Walifanya nini? Waliipunguza pini uzito, na wakaweka masharti kuhusu wepesi wa fataki kuwaka. Nchi yenye mafundi kiasi hicho haikumwambia askari wake awe mwangalifu zaidi na kidole. Walitazama chuma, wakarekebisha chuma. Nalipenda jibu hilo, na ningependa liwe jibu letu pia.

Upande wa risasi zenyewe nitapita haraka. Risasi iliyonunuliwa gizani, isiyojulikana imetoka wapi, inaweza kuwa na fataki laini mno, au fataki iliyochomoza kitakoni badala ya kukaa ndani. Ukiiweka risasi ya namna hiyo kwenye bunduki yenye pini huru, umeziunganisha hatari mbili.

Sasa kile kidude kinachodaka nyundo. Hiki ni chuma kinachosuguana na chuma, kila mlio. Miaka ikipita kona zake zinalika. Springi zinalegea. Siku moja nyundo inalazwa, inadakwa vibaya, inaponyoka. Hapo ndipo unasikia mbili. Huenda wiki nzima ikatoa moja moja vizuri, kisha siku moja ikatoa mbili, kisha ikatulia tena. Na kwa sababu imetulia, watu husema, aah, ilikuwa bahati mbaya. Wasikilizaji wangu, chuma kilicholika hakijiponyi. Kikishaponyoka mara moja, kitaponyoka tena.

Kuna pia ubaya unaofanywa na mkono wa mtu. Mwenye bunduki anaona triga yake ni nzito, anampelekea fundi wa mtaani ambaye kazi yake ya kila siku ni baiskeli na majembe, amlegezee kidogo. Fundi ana tupa, ana nia njema, anasugua. Triga inakuwa laini, mteja anafurahi, analipa. Alichosuguliwa ni ile kona inayomtenganisha yeye na maafa. Nawaomba mafundi wetu wa Iguguno, ninyi mnaoheshimika kwa kazi zenu, hii msiipokee. Mtu akija nayo, mwambieni hapana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kazi ya kutengeneza silaha ifanywe na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, na raia haruhusiwi kumiliki silaha inayomimina risasi kwa mfululizo. Ukisugua ukakosea, unaweza kuwa umemtoa mteja wako kwenye halali ukamtia kwenye haramu, na wewe mwenyewe nyuma yake.

Tumeona pini, tumeona kidude cha kudaka nyundo. Bado kidole. Je, mtu anaweza kuvuta mara mbili asijue? Anaweza, na si mwongo anaposema amevuta mara moja. Bunduki ikilia inamrudi mtu begani. Kama ameishika kwa ulegevu, kitako hakijakaa begani, au ameipakata kiunoni kwa sababu alishtuka akitoka usingizini, bunduki inarudi nyuma na kidole kinabaki pale pale. Triga inajiachia. Kisha mtu anaisukuma bunduki mbele kuituliza, triga inakikuta kidole tena. Imelia ya pili. Kichwani mwake yeye anakumbuka mvuto mmoja, kwa sababu ndio alioukusudia.

Kwa hiyo msimhukumu mtu kwa maneno yake peke yake, na wala msimsafishe kwa maneno yake peke yake. Bunduki lazima ifunguliwe na anayejua. Pini itaonekana imekwama au haikukwama. Kona za kidude zitaonekana zimelika au hazikulika. Maganda yaliyoanguka nayo yanaonyesha yalivyogongwa. Ukweli wa jambo hili umeandikwa kwenye chuma, na wataalamu wa silaha wa Jeshi la Polisi wanaweza kuusoma.

Kabla sijaendelea, najua kuna wenye bunduki za midomo miwili na za pampu wanajiuliza na sisi je. Kwa kifupi: bunduki ya midomo miwili inaweza kutoa yote miwili kwa pamoja kama kilichoishikilia nyundo ya pili kimelika, maana mshtuko wa mlio wa kwanza unaing'oa ya pili. Na zipo pampu za zamani ambazo ukiibana triga huku ukivuta na kurudisha pampu, inalia yenyewe bolti inapojifunga. Hiyo si hitilafu, iliundwa hivyo. Lakini mlinzi aliyepewa bila kuambiwa atajuaje? Magobole hayajirudii, ila yana ubaya wao wa kuchelewa kuwaka, na hayo tutayatengea jioni yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandaa mazungumzo haya. Bunduki inayotoa mbili haianzi siku ya msiba. Huanza mapema. Ilitoa mbili siku ya mazoezi, au usiku mmoja mlinzi alipofyatua hewani kufukuza wezi. Aliyekuwa ameishika alisikia. Kwa nini hakusema?

Wasikilizaji, tuseme ukweli. Hakusema kwa sababu kila risasi inahesabiwa, na inayopungua anaulizwa yeye. Hakusema kwa sababu anajua jibu atakalopewa ni hujui kushika bunduki. Kuna sehemu ambako risasi iliyotoka bila maelezo hukatwa kwenye mshahara, na mshahara wenyewe wa mlinzi mnaujua. Na kuna waliosema wakaambiwa bunduki hiyo ina mkono wa mtu, itafutiwe mganga. Basi mlinzi ananyamaza. Asubuhi anaifuta, anamkabidhi mwenzake wa zamu ya mchana, anakwenda kulala. Mwenzake amepokea nini? Amepokea bunduki ambayo jana usiku ilitoa taarifa ya ugonjwa wake, na taarifa imezuiwa njiani.

Hilo ndilo linaloniuma. Chuma kimesema, mtu amesikia, na tumemtengenezea mazingira ambamo kunyamaza ndio usalama wake.

Nawaambia wenye makampuni ya ulinzi, wenye maghala na wenye mashine, mlio na jukumu juu ya vijana hao: mlinzi anayekuja asubuhi na kusema bunduki hii imetoa mbili, huyo amekuokolea mtu. Mpokee kwa shukrani. Risasi iliyopotea isiwe deni lake mpaka silaha ikaguliwe. Ukimkata mshahara leo, kesho hatakwambia, na keshokutwa utaambiwa na polisi.

Nanyi vijana wa lindo, tuseme imetokea. Umevuta mara moja, zimetoka mbili. Ufanye nini? Kwanza kabisa, mtutu ubaki ulikoelekea, usigeuke kutazama watu huku mtutu ukigeuka nawe. Kidole kitoke kwenye triga. Toa risasi zote kama ulivyofundishwa, mtutu ukielekea kwenye mchanga au pasipo mtu. Angalia chemba kwa macho, hakikisha ni tupu. Kisha simama hapo. Usipakie tena kujaribu kama kweli ilirudia. Nasisitiza hili, kwa sababu ndilo kosa la kwanza la wengi: usijaribu kuhakikisha. Majaribio yana mahali pake na watu wake. Ifunge, iandike kwenye kitabu cha zamu, mwambie mkuu wako, na asipewe mtu mwingine mpaka ipelekwe polisi na kukaguliwa. Ukiambiwa itumie hivyo hivyo hakuna nyingine, sema hapana. Rungu, tochi, filimbi na simu yenye salio vinalinda ghala la alizeti vizuri kuliko bunduki isiyojua kuhesabu. Miaka ya themanini sungusungu wa kanda hizi walizuia wizi wa mifugo kwa pinde na mishale, na ndugu zetu Wahadzabe kule Munguli, wilaya yetu hii hii ya Mkalama, wanaishi na upinde mpaka leo. Bunduki si lazima iwe jibu la kila lindo.

Na hata siku ambayo hakuna hitilafu yoyote, unapopakia, elekeza mtutu kana kwamba inakwenda kulia hapo hapo. Tumeshaona ni kwa nini: pini iliyokwama hailindwi na kifungo cha usalama. Kile kifungo kinaizuia triga tu, na tatizo haliko kwenye triga. Sehemu za kazi zinazojali huweka pipa la mchanga la kuelekezea mtutu wakati wa kupakia na kutoa risasi. Pipa moja, mchanga tunao bure. Je, pale unapofanyia kazi lipo?

Nimesema habari ya kufyatua hewani. Risasi iliyokwenda juu inashuka, na ile ya pili, ambayo mtutu ulishayumba ikatoka kwa ulalo, inakwenda zaidi ya kilomita moja kabla haijachoka. Kutoka barabarani hapa Iguguno, kilomita moja ni nyumba ngapi? Ni madarasa mangapi? Mwezi Februari 2018, Dar es Salaam, msichana mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa na risasi akiwa ndani ya daladala, safarini, hana habari na chochote kilichokuwa kikiendelea nje. Sisemi kwamba bunduki ile ilijirudia. Hilo ni jambo jingine. Namtaja kwa sababu nchi nzima ililia na ikaona risasi ambayo haikumkusudia mtu inavyompata mtu. Risasi ya pili ya bunduki mbovu ni ya namna hiyo kila mara. Haimkusudii mtu, na watu wapo.

Kuna wanaonisikiliza wana bunduki isiyo na karatasi. Ya babu, ya mtu aliyehama, iliyookotwa porini kuelekea Wembere. Mnaogopa kuipeleka kukaguliwa kwa sababu mtaulizwa mmeipata wapi. Naielewa hofu hiyo. Lakini Serikali imewahi kufungua mlango: mwaka 2022, na tena mwaka 2023, ulitangazwa msamaha wa kusalimisha silaha zinazomilikiwa isivyo halali, ukapeleka kituo cha polisi au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa bila kushtakiwa. Ukisikia tangazo la namna hiyo tena, usiliache likupite. Na hata kabla ya tangazo, zungumza na mtendaji wa kijiji au mkaguzi wa polisi wa kata namna ya kuitoa nyumbani. Bunduki ambayo haijafunguliwa tangu enzi za babu, mfereji wake wa pini ukoje? Wewe mwenyewe sasa unaweza kulijibu hilo.

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza, akishasafishiwa bunduki na fundi mwenye leseni, je, hofu imekwisha? Jibu langu ni kwamba bunduki inayokaa nje kwenye vumbi letu inahitaji bolti ifunguliwe na pini isafishwe mara kwa mara, na baada ya kila kipindi kirefu ghalani. Ipo njia fupi ambayo kila anayekabidhiwa SAR anapaswa kufundishwa na mwalimu wa silaha: bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, anaitikisa bolti mkononi na kusikiliza pini ikiteleza ndani. Ikicheza kwa sauti, iko huru. Ikikaa kimya, irudi kwa fundi, isiende lindo. Haichukui hata dakika moja, na inafaa kufanywa mbele ya mwenzako wa zamu, ninyi wawili msikie, muandike kwenye kitabu, jina la anayekabidhi na jina la anayepokea.

Basi wenye maghala, kesho asubuhi nunueni hicho kitabu. Kalamu ifungwe na uzi ili isipotee, na ukurasa wa kwanza muandike kwamba anayeripoti hitilafu hatakatwa mshahara, kisha muweke sahihi yenu hapo chini.

Muda wetu umefika. Wiki ijayo, saa kama hizi, tutazungumza habari ya magobole.